MAMA, IPIME BAISKELI KABLA YA KULIPA

Akina mama wengi sasa wanataka baiskeli. Zahanati iko mbali, mashine ya kusaga iko mbali. Haya, umeuza mazao, uko dukani. Utachukua ipi?

Muuzaji atakuonyesha ile inayong'aa. Sisi tunasema, tazama kimo kwanza. Baiskeli zetu za siku zote zina magurudumu ya inchi 28, na bomba lake la juu liko juu kweli. Zile za gia, zenye tairi nene, nyingi ni inchi 26. Huwa fupi kidogo. Tena ziko za kike, bomba limeinama.

Simama, bomba liwe katikati ya miguu. Nyayo zote mbili zikanyage chini, na bomba lisikuguse. Likikugusa iache, hata wakipunguza bei. Mwenzetu mmoja alifuata bei. Alipotaka kusimama njiani mguu haukufika chini, akaanguka na debe la mahindi. Sasa anayeiendesha ni mumewe!

Halafu kaa kitini. Anayejifunza ashushe kiti mpaka miguu ifike chini. Ukizoea kipandishe, la sivyo magoti yatauma.

Isukume, ubane breki moja moja. Zishike barabara. Mnyororo uwe na kifuniko, maana kanga ikinaswa utashuka bila kupenda.

Na gia je? Mlimani zinasaidia sana. Lakini fundi wa kijijini kwenu anaziweza? Vipuri anavyo? Kama hapana, chukua isiyo na gia. Kwenye mlima utashuka uisukume, kama sisi.