Chapati ya kuku: Je, ni nyepesi kuliko vibanzi?

UKIPITA katika barabara za Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu au Meru saa za chakula cha mchana, utaona jinsi maduka ya kuku yalivyoongezeka. Zamani mteja aliagiza robo kuku na vibanzi, akafungiwa katika karatasi, akaenda zake. Siku hizi mikahawa inauza kuku wa namna nyingine: vipande visivyo na mfupa, majani ya saladi na mayonezi, vyote vikiwa vimeviringishwa ndani ya chapati nyembamba.

Mtindo wenyewe si mgeni sana kwetu. Majirani zetu wa Uganda wameviringisha mayai ndani ya chapati kwa miaka mingi na kukiita chakula hicho rolex. Hapa Kenya, kampuni ya Kenchic, iliyoanzishwa mwaka wa 1984, iliwazoesha watu wa mijini kununua kuku aliye tayari kuliwa. KFC nayo ilifungua mkahawa wake wa kwanza jijini Nairobi mwaka wa 2011. Mambo ya Nairobi hayakawii kupanda mlima.

Swali ambalo wagonjwa huuliza ni hili: "Daktari, umeniambia nipunguze mafuta. Si afadhali nile hii chapati ya kuku kuliko vibanzi?" Ni swali zuri, na jibu lake linahitaji hesabu kidogo.

HESABU YA SAHANI

Mtu mzima asiyefanya kazi ya sulubu huhitaji kalori 2,000 hivi kwa siku akiwa mwanamke, na 2,500 hivi akiwa mwanamume. Chapati moja ya kuviringishia ina kalori kama 200. Gramu 100 za kuku aliyepakwa unga na kukaangwa zina kama 250. Kijiko kimoja kikubwa cha mayonezi kina karibu 100, kwa sababu mayonezi ni mafuta yaliyopigwa pamoja na yai. Jumla ni 550.

Hiyo si hesabu mbaya kwa mlo wa mchana. Ni ndogo kuliko ya robo kuku wa kukaangwa na sahani kubwa ya vibanzi, ambayo hupita 1,000 kwa urahisi. Kwa hivyo, anayekula chapati ya kuku BADALA ya vibanzi amepata nafuu.

Taabu ni kwamba wengi huila PAMOJA na vibanzi. Ongeza gramu 150 za vibanzi na umeongeza kalori kama 450. Ongeza soda ya nusu lita na umeongeza zaidi ya 200, zinazotokana na vijiko vya chai 13 hivi vya sukari. Sasa umefika 1,200. Hiyo ni zaidi ya nusu ya chakula cha siku nzima cha mwanamke, naye bado hajafika nyumbani kupakuliwa mukimo.

Kwa mgonjwa wa kisukari, soda ndiyo adui mkubwa mezani hapo. Unga mweupe wa chapati hupandisha sukari mwilini, lakini sukari ya soda huingia katika damu upesi zaidi.

CHUMVI ISIYOONEKANA

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Katika chapati ya kuku ya mkahawani kuna chumvi iliyo ndani ya unga, iliyo katika viungo vya kuku na iliyo katika mayonezi. Zikijumlishwa, mara nyingi hufika gramu 2 au 3, hata kabla hujagusa kichupa cha chumvi kilicho mezani.

Jambo hili si la mzaha. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Ugonjwa huu haupigi hodi. Mtu hujiona mzima hadi siku anapopooza upande mmoja, au figo zinapokataa kazi. Ikiwa unatumia dawa za shinikizo la damu, usiziache kwa kuwa umebadilisha chakula, na usile chumvi kiholela kwa kuwa unameza dawa.

USIDANGANYWE NA BARIDI

Wakazi wa miji ya Mlima Kenya hudhani kwamba baridi yetu hulinda chakula. Baridi ya nje haifiki ndani ya kabati la kioo lenye balbu. Viini vya maradhi huzaana kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na kuku aliye vuguvugu yumo humo humo. Asikae hapo zaidi ya saa mbili.

Kuku huweza kubeba viini vya salmonela na kampilobakta. Vyote hufa nyama ikiiva hadi nyuzi 74 katikati. Chapati ya kuku ina faida moja: haina mfupa, hivyo unaweza kuifungua na kutazama. Nyama ikiwa na utelezi au majimaji yenye damu, irudishe. Hata hivyo, weupe peke yake si uthibitisho kwamba imeiva. Iliyo salama zaidi ni ile iliyotoka jikoni sasa hivi ikifuka moshi. Tazama pia mikono ya mwenye kuviringisha: anayepokea pesa asishike saladi kabla ya kunawa.

Ukipatwa na kuhara, kunywa maji ya chumvi na sukari: vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Nenda hospitali mara moja ukiona damu katika choo, ukiwa na homa kali, au mgonjwa akishindwa kunywa. Mtoto mchanga, mzee na mama mjamzito wasingojee.

AGIZA HIVI

Omba kuku wa kuchomwa badala ya wa kukaangwa. Omba kachumbari badala ya mayonezi. Kwa mabadiliko hayo mawili, zile kalori 550 hushuka hadi karibu 375. Acha vibanzi, na unywe maji.

Nyumbani waweza kuitengeneza kwa chapati uliyopika kwa mafuta kidogo, mabaki ya kuku yaliyopashwa moto sawasawa, na sukuma wiki au managu. Watoto wataifurahia, nawe utajua kiasi cha chumvi ulichotia.

Na siku ya kwenda sokoni, pita katika kituo cha afya kilicho karibu nawe upimwe shinikizo la damu. Kazi yenyewe haichukui hata dakika tano.