DAMU KATIKA CHOO: MARADHI YA KUVIMBA UTUMBO MPANA

Wananchi na watumishi wa Serikali wanakumbushwa kwamba damu inayoonekana katika choo si jambo la kufichwa wala la kungojewa lipite lenyewe. Wengi wakiiona husema ni bawasiri au chango, wakanyamaza kwa kuona haya, au wakanunua dawa dukani kwa kubahatisha. Kwa ukimya huo, maradhi yanayotibika hugeuka kuwa mazito.

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Kwa mtu mzima urefu wake hukaribia mita moja na nusu, na kazi yake kubwa ni kufyonza maji na chumvi kutoka katika mabaki ya chakula. Utando wake wa ndani unapovimba na kupata vidonda, hushindwa kufanya kazi hiyo, ndipo mtu anapoharisha.

Sababu zake

Katika nchi za joto kama yetu, sababu kubwa ni vijidudu. Cha kwanza ni bakteria aitwaye shigela, aliyegunduliwa na daktari Kiyoshi Shiga wa Japani mwaka 1897. Bakteria wasiofika 100 huweza kumwambukiza mtu, hivyo mkono mmoja mchafu au nzi mmoja hutosha. Cha pili ni amiba, apatikanaye katika maji na vyakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Huyu huweza kutoka utumboni akaingia katika ini na kusababisha jipu.

Aidha, wapo watu ambao kinga ya mwili wao wenyewe hushambulia utumbo. Maradhi hayo hudumu kwa miaka, lakini hayaambukizi, na mwenye nayo asitengwe. Hata hivyo, yakidumu kwa miaka minane na zaidi, humweka katika hatari ya saratani ya utumbo. Hivyo yampasa kuchunguzwa mara kwa mara.

Dalili na hatari

Dalili ni kuharisha damu na makamasi, msokoto wa tumbo, homa, na kuhisi haja kila mara ilhali hakitoki kitu. Mgonjwa apelekwe hospitali au kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na kiu kali, macho yaliyobonyea, mkojo kidogo, tumbo lililojaa na kuuma sana, au akilegea. Mtoto mchanga na mzee wasingojewe hata siku moja.

La kufanya

Mgonjwa apewe maji ya chumvi ya pakiti. Yakikosekana, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari, vyote vya kusawazishwa, vitiwe katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Mtoto aendelee kunyonya, na daktari humwandikia pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Asipewe dawa za kufunga tumbo, kwani huzuia uchafu ndani na kuzidisha madhara. Dawa za kuua bakteria zitumike kwa amri ya daktari tu, kwa kuwa matumizi ovyo nayo huweza kuvimbisha utumbo.

Katika mwezi wa Ramadhani, mgonjwa asijilazimishe kufunga. Sheria imempa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Kinga

Kutawadha kwa maji peke yake hakuondoi vijidudu mikononi. Baada ya kutoka chooni, na kabla ya kupika au kula, mikono ioshwe kwa sabuni. Maji ya kunywa yachemshwe, chakula kifunikwe. Mpishi au muuza chakula aliyeharisha asishike chakula mpaka zipite siku mbili tangu kupona, na wakuu wa kazi wawape ruhusa watumishi wa namna hiyo bila ya kinyongo.

Mwenye kuona damu asione haya. Daktari hamcheki mgonjwa, na aliyewahi mapema hutibiwa kwa wepesi.