Picha za watu ni amana: namna ya kuhamia kompyuta mpya



Huku kwetu Matuga, kuanzia Ng'ombeni na Waa mpaka Tiwi na Kwale mjini, hukosi kijana mpiga picha katika kila mtaa. Ndiye aitwaye kwenye harusi, maulidi na mahafali ya madrasa. Akishafanya kazi miaka mitano, kompyuta yake huwa imebeba nyuso za kijiji kizima, wakiwemo wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Kompyuta hiyo ikichoka, akanunua nyingine, ndipo mashaka yanapoanza. Mimi nilisomea mambo ya kompyuta kiwango cha diploma, na vijana hawa hunijia na swali lile lile: "Ami, nihamishe vipi?" Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mikono. Studio kama Capital Art ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, iliweka kumbukumbu zake kwenye filamu. Mwenye studio akitaka kuhama hubeba makasha, na kasha likibaki nyuma analiona. Kwenye kompyuta unaweza kuacha nusu ya kazi yako nyuma na usijue mpaka siku mteja atakapokuja kuitaka.

Jambo la kwanza kufahamu ni kuwa unahamisha vitu vitatu, si kimoja: picha zenyewe, daftari la picha, na programu ya kuhariri.

Nichukue mfano wa Lightroom Classic, ambayo wengi wanaitumia. Picha hazikai ndani ya programu ile. Zimo kwenye mafolda yako. Programu yenyewe ina daftari liitwalo katalogi, nalo ni faili ambalo jina lake linaishia na herufi lrcat. Humo imeandikwa anwani ya kila picha, na kila ulichoifanyia: umeongeza mwanga, umepunguza wekundu, umekata pembeni. Picha ya asili haiguswi.

Kwa hivyo ukibeba picha ukaacha katalogi, utazipata kama zilivyotoka kwenye kamera, na jasho lako lote la kuhariri limepotea. Ukibeba katalogi ukaacha picha, utaona majina ya mafolda na alama za kuuliza tu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa fuata hatua hizi.

Kwanza, kusanya picha zote chini ya folda moja kubwa, na uzipange ukiwa ndani ya Lightroom yenyewe. Ukizihamisha nje ya programu, daftari halitajua zimekwenda wapi.

Pili, funga programu, kisha nakili folda hiyo pamoja na folda ya katalogi kwenye diski ya nje. Diski iliyotayarishwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na video za harusi hupita hapo. Tumia exFAT, ambayo husomeka kwenye Windows na kwenye Mac pia. Kumbuka kwamba ile nakala ya akiba ambayo Lightroom hujitengenezea ni ya katalogi peke yake. Picha hazimo.

Tatu, programu haihami kwa kunakiliwa. Ipakue upya kutoka kwa wenyewe, uingie kwa akaunti yako. Leseni ya Adobe huruhusu akaunti kuwa wazi kwenye kompyuta mbili tu, hivyo ukishamaliza, toka kwenye ile ya zamani. Mitindo ya rangi uliyojitengenezea nayo hukaa kwenye folda yake, ihamishe pia.

Nne, kwenye kompyuta mpya weka picha mahali penye anwani ile ile. Kama zilikuwa diski D, ziweke D. Kisha fungua katalogi kwa kuibonyeza mara mbili. Alama ya kuuliza ikitokea, usianze kuingiza picha upya. Bonyeza folda ile kwa kitufe cha kulia cha mausi, uioneshe programu mahali folda ilipo sasa, na ndani yake zote zitajirudi.

Tano, kagua. Linganisha idadi ya picha huku na kule. Fungua harusi ya zamani kabisa na ya juzi, uikuze picha uitazame vizuri. Usifute chochote kwenye mashine ya zamani mpaka uwe na nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikiwa nje ya nyumba. Chumvi ya bahari yetu na umeme wa kukatika havibagui diski.

Limebaki zito zaidi: ile kompyuta ya zamani. Wengi huiuza haraka ili kujazia bei ya mpya. Lakini kufuta faili, hata ukimwaga na pipa la taka, ni kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo tu. Kitabu kinabaki, na ziko programu za kukisoma. Fikiria picha za kupamba bibi harusi, mahali ambapo hata kaka zake hawakuingia. Windows ina chaguo la kuirudisha kompyuta upya, kuondoa kila kitu na kusafisha diski. Hilo la kusafisha ndilo muhimu, japo huchukua saa nyingi. Ukiwa na shaka, itoe diski ubaki nayo, uuze mashine tupu.

Sheria nayo ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na picha ya mtu ni data yake. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Nanyi wazazi mnaoozesha, kabla ya kutoa malipo ya mwanzo muulizeni mpiga picha mambo mawili: nakala ya pili ataiweka wapi, na kompyuta yake ya zamani ilikwenda kwa nani.