Matplotlib katika Mitambo Mbalimbali: Taabu za Kuitayarisha na Njia ya Kuzichunguza

Mchoro katika kazi ya elimu ni ushahidi, kama ulivyo ushahidi wa maneno. Mtaalamu wa fonetiki apimaye irabu tano za Kiswahili katika vinywa vya wasemaji wa Mvita na wa Unguja hawezi kumwonyesha msomaji wake kila kipimo kimoja kimoja. Humwonyesha mchoro, na msomaji huuamini. Kwa hiyo chombo kichoracho hakina budi kuwa cha kuaminika, na mtu akitumiaye hana budi kujua pahali kinapoweza kumpoteza.

Chombo kimoja kitumiwacho sana kwa kazi hii ni Matplotlib, maktaba ya programu huria iliyotungwa kwa ajili ya lugha ya Python. Ni huria kwa maana ya kuwa kila mtu ana ruhusa kuichukua bila malipo, kuisoma ndani, kuibadili na kuigawa kwa wengine. Hufanya kazi katika Windows, katika macOS na katika Linux, na programu moja hutazamiwa kutoa mchoro mmoja katika mifumo yote mitatu. Aghalabu ndivyo iwavyo. Walakini hutokea mara nyingi kwamba programu iliyochora vizuri katika kompyuta ya mwalimu hukataa kuchora katika kompyuta ya mwanafunzi wake, au huchora kitu kingine. Makusudi ya makala hii ni kueleza asili ya taabu hizo, na kuonyesha kuwa zile zipigazo kelele ndizo zenye madhara madogo, na zile zinyamazazo ndizo za kuogopwa.

1. Jinsi maktaba ilivyojengwa

Matplotlib ilianzishwa na John D. Hunter, mtaalamu wa elimu ya neva aliyekuwa katika chuo kikuu cha Chicago. Alihitaji kutazama mawimbi ya umeme wa ubongo wa wagonjwa wa kifafa, na toleo la kwanza la kazi yake lilitoka mwaka 2003. Hunter alifariki mwaka 2012, na tangu hapo maktaba huendelezwa na watu wengi wa nchi mbalimbali.

Maktaba hii ina tabaka tatu. Tabaka ya juu ni amri fupi ambazo mtumiaji huziandika. Tabaka ya kati ni vitu vya mchoro wenyewe, yaani mihimili, mistari, nukta na maandishi. Tabaka ya chini ni ile ipelekayo vitu hivyo juu ya uso fulani, na hapa itaitwa kichoraji. Vichoraji ni vingi. Kimoja kiitwacho Agg hufanya picha ya nukta, kingine hufanya faili ya PDF, kingine SVG. Na viko vile vifunguavyo dirisha katika skrini kwa msaada wa Tk, wa Qt, wa GTK, au wa mfumo wa macOS wenyewe.

Mfano wake ni utenzi. Utenzi mmoja waweza kughaniwa mbele ya watu, waweza kuandikwa na karani kwa wino, na waweza kupigwa chapa. Beti ni zile zile, lakini mghani aweza kupwelewa na sauti, karani kukosa wino, na mpiga chapa kukosa herufi. Vivyo hivyo tabaka mbili za juu za Matplotlib ni mamoja katika kila mfumo, na tofauti nyingi za mfumo na mfumo hutoka chini, pale mchoro unapokutana na mtambo. Mtu alijuaye jambo hili hataanza kwa kuyashuku mahesabu yake.

2. Taabu zipigazo kelele

Taabu ya kwanza ni kuambiwa kwamba hakuna kitu kiitwacho matplotlib, hali mtumiaji amekwisha kuisakinisha. Sababu yake ya kawaida ni kuwa kompyuta ina Python zaidi ya moja: maktaba imewekwa katika moja, na programu inaendeshwa na nyingine. Dawa yake ni kuiuliza Python yenyewe iko wapi, kwa kuchapisha thamani ya sys.executable, kisha kusakinisha kwa amri ya python -m pip install matplotlib, ambayo huilazimisha Python ile ile iitwayo kuwa ndiyo ipokeayo maktaba.

Katika Debian, tangu toleo la 12 la mwaka 2023, amri hii hukataliwa ikiwa imeelekezwa kwenye Python ya mfumo wenyewe, ili vifurushi vya mfumo visiharibiwe. Makatazo hayo si kosa, wala hayafai kuvunjwa kwa nguvu. Yatakiwa kufanywa mazingira yaliyotengwa kwa ajili ya kazi ile moja, kwa amri ya python3 -m venv, na kusakinisha ndani yake.

Taabu ya pili ni ya sehemu zilizokwisha kutafsiriwa katika lugha ya mashine. Katika Windows, Matplotlib huweza kushindwa kuanza kwa sababu faili za Microsoft Visual C++ ambazo huzitegemea hazimo, na ujumbe utokao hutaja DLL. Tena mwaka 2024 lilitoka toleo la 2.0 la NumPy, maktaba ya hesabu ambayo Matplotlib husimama juu yake. Sehemu zilizotafsiriwa kwa NumPy ya 1 hazikuweza kuendeshwa pamoja na ile ya 2. Aliyesasisha moja na kuiacha nyingine alipata ujumbe mrefu wa makosa, na dawa ilikuwa kuzipatanisha zote mbili.

Taabu ya tatu huwapata wanaoanza. Mtu huiita faili yake mwenyewe matplotlib.py, na Python ikitafuta maktaba hukutana kwanza na faili hiyo. Kubadili jina la faili hutosha.

Taabu hizi zote huudhi na hula wakati, lakini hazimdanganyi mtu. Pasipokuwa na mchoro, hapana mchoro wa uwongo.

3. Taabu zinong'onazo

Daraja ya pili ni ya dirisha lisilofunguka. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018, mtumiaji asipochagua kichoraji, Matplotlib hujaribu vile vya madirisha kimoja baada ya kingine, na isipopata hata kimoja huridhika na Agg, ambacho hakina dirisha. Ndipo programu hufika mwisho wake bila kosa, amri ya kuonyesha hupita, na mbele ya macho hapana kitu ila pengine mstari mmoja wa onyo. Katika Debian na Ubuntu sababu mara nyingi ni kwamba kifurushi cha python3-tk, ambacho hutolewa peke yake, hakijasakinishwa. Katika seva isiyo na skrini, hali hiyo ni ya kutazamiwa. Katika macOS, miaka iliyopita, waliotumia mazingira yaliyotengwa waliambiwa kuwa Python yao haikusakinishwa kwa namna itakiwayo na madirisha ya mfumo ule.

Uchunguzi wake ni mwepesi: amri ya matplotlib.get_backend() hutaja kichoraji kinachotumika. Akitaka kukichagua mwenyewe, mtumiaji aweza kuandika matplotlib.use mwanzoni mwa programu, au kuweka jina lake katika kigezo cha mazingira kiitwacho MPLBACKEND.

Liko jambo moja katika daraja hii ambalo huwatatiza wengi. Programu huonyesha mchoro kwanza, kisha huuhifadhi kwa amri ya plt.savefig. Katika seva yenye Agg, faili hutoka na mchoro kamili. Katika kompyuta yenye dirisha, mtumiaji akilifunga dirisha mchoro huondoka pamoja nalo, na amri ya kuhifadhi huanza mchoro mpya usio na kitu. Faili hutoka ukurasa mweupe. Programu ni ile ile, nayo imetoa majawabu mawili. Dawa ni kuhifadhi kabla ya kuonyesha, au kulihifadhi umbo lenyewe kwa jina lake kama fig.savefig.

4. Taabu zinyamazazo

Daraja ya tatu ni ya herufi, nayo ndiyo iwahusuyo zaidi wataalamu wa lugha.

(a) Usomaji wa faili. Chukua orodha ya maneno iliyohifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8, na ndani yake neno ng’ombe limeandikwa kwa kile kikato kilichopinda ambacho programu za kuandikia hukiweka. Katika Linux na macOS, Python huisoma faili hiyo sawasawa. Katika Windows, kwa matoleo mengi ya Python yatumikayo, faili isomwapo bila kutaja usimbaji hufuata desturi ya mtambo, na neno hugeuka kuwa ng’ombe. Hakuna kosa litangazwalo, maana kila alama mojawapo ya hizo ni halali katika usimbaji ule. Lau ubaya ungeishia katika sura ya neno, jicho lingeuona. Lakini mtafiti akichanganya orodha mbili zilizosomwa katika mitambo miwili, ng'ombe mmoja huhesabiwa kuwa maneno mawili, na nguzo mbili fupi husimama katika mchoro pahali pa nguzo moja ndefu. Hapo si herufi iliyoharibika, ni hesabu. Kinga yake ni kuandika encoding='utf-8' kila faili inapofunguliwa.

(b) Fonti. Mtu aliyechagua Times New Roman huikuta katika Windows na katika macOS, lakini Linux nyingi hazinayo. Matplotlib hutoa onyo na kutumia DejaVu Sans, ambayo imekuwa fonti yake ya kawaida tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017 na huja pamoja na maktaba yenyewe. Upana wa maneno hubadilika, na maandishi yaliyokaa vizuri huanza kupandana. Herufi isiyokuwamo katika fonti iliyochaguliwa huchorwa kama kisanduku kitupu. Tangu toleo la 3.6 la mwaka 2022, mtumiaji aweza kutaja fonti kadhaa kwa mfululizo, na herufi ikosekanayo katika ya kwanza hutafutwa katika ya pili. Na aliyesakinisha fonti mpya isionekane, aifute orodha ya fonti ambayo Matplotlib imejiwekea katika folda itajwayo na matplotlib.get_cachedir(), ili itungwe upya.

(c) Hati ya Kiarabu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na mtafiti wa miswada huenda akataka kuyaweka maneno kama yalivyo katika mihimili ya mchoro wake. Fonti ya DejaVu Sans inazo herufi za Kiarabu. Kwa hiyo hapatatokea visanduku wala onyo. Lakini matoleo mengi ya Matplotlib huzipanga herufi kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja peke yake, bila kuziunganisha. Neno kitabu, lenye kaf, ta, alif na ba, msomaji aanzaye kulia atalisoma ba, alif, ta, kaf. Asiyeijua hati hiyo ataona mapambo ya herufi za Kiarabu na kuridhika, na mhariri asiyeijua atalipitisha.

Wengi hutumia vifurushi viwili kurekebisha jambo hili: arabic_reshaper, ambacho huzipa herufi maumbo ya kuungana, na python-bidi, ambacho hugeuza mwelekeo. Ni msaada mkubwa, ila vilitengenezwa kwa mahitaji ya Kiarabu. Kifurushi cha kwanza, kisipoagizwa vingine, huziondoa alama za irabu. Mwarabu huyasoma maneno ya lugha yake bila alama hizo. Lakini katika hati ya Kiswahili ambayo mwandishi wake hakuongeza herufi za kurefusha, pata, pita na pete hubaki na konsonanti zile zile mbili, na hapana njia ya kuyatenganisha. Yapasa basi mpangilio wake uitwao delete_harakat uzimwe. Tena, herufi yenye nukta za ziada ambayo haikupewa maumbo ya kuungana katika Unicode itabaki pekee. Kwa maneno ya namna hiyo yafaa kuhifadhi mchoro kwa SVG huku svg.fonttype ikiwekwa kuwa none: maandishi hubaki maandishi, na programu ya kuperuzi ndiyo iyaungayo kwa kanuni zake, ikiwa mtambo wa msomaji unayo fonti ifaayo.

5. Utaratibu wa uchunguzi

Kutokana na hayo, mtu apatwaye na taabu afuate tabaka kutoka chini, akiuliza maswali manne kwa mfululizo. Ni Python ipi inayoendesha programu? Ni toleo gani la Matplotlib na la NumPy? Ni kichoraji gani kinachotumika? Ni fonti na usimbaji gani? Swali moja lijibiwe kikamilifu kabla ya kuingia la pili. Maana abadilishaye mambo matatu kwa mara moja, hata akifaulu, hajui lililomponya.

Pia, pamoja na kila mchoro utolewao, majibu ya maswali hayo yahifadhiwe, na orodha ya matoleo itolewayo na python -m pip freeze iwekwe pamoja na takwimu. Mwenzake aliye katika mtambo mwingine ataweza kuufanya upya mchoro na kuulinganisha. Mwisho, mchoro wenye maneno ya lugha yoyote usomwe neno kwa neno na mtu aijuaye lugha hiyo na hati yake kabla ya kupelekwa chapani. Kompyuta itatangaza kukosekana kwa maktaba, na pengine kukosekana kwa fonti. Lakini haitatangaza kamwe kwamba neno kitabu limeandikwa kinyume, wala kwamba pita imekosa irabu zake.