Vishimo vya maji juu ya barafu

Wengi wetu twadhani kwamba juu ya barafu ya milima hakuna uhai. Sivyo. Upepo huleta vumbi jeusi. Vumbi lapokea joto la jua, layeyusha barafu chini yake, na kishimo cha maji chatokea. Ndani yake mna viumbe vya kijani visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi kwa nuru ya jua, na vijidudu vya miguu minane vyenye kuvila. Viumbe vya kijani hushikanisha vumbi, weusi wazidi, na barafu yayeyuka upesi zaidi. Juu ya Ruwenzori yetu pia uhai umo katika barafu. Lakini barafu ile, iliyoenea kilometa za mraba 6 hivi mwaka 1906, leo haifiki hata 1. Ikiisha, makao ya viumbe hivyo yatakwisha nayo. Basi, tukifundisha kazi ya Muumba, tusiache hii iliyo ndogo.