Nyaya Zipite, Haki Isirukwe

Sipingi umeme. Lakini wapimaji walipopigilia vigingi shambani mwangu hapa Kakamega, hatua chache kutoka kaburi la baba, nilijiuliza hatimiliki yangu ina maana gani. Ardhi itabaki kwa jina langu, ila chini ya nyaya zile za nguvu nyingi sitajenga nyumba wala kupanda mikaratusi. Kwa mwenye ekari moja, hiyo si hasara ndogo. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 chadai fidia ya haki, kamili, isiyokawia. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo yataka mwenye ardhi aombwe idhini kwanza. Basi wenye mradi na waje na ramani, tuzungumze, kabla nguzo hazijasimama.