Redio ya Gari Kuukuu Hufa kwa Ufa Mdogo

Gari kuukuu linapofufuliwa, mwenyewe hupenda kila kitu kifanye kazi kama siku lilipotoka kiwandani. Rangi hupakwa, viti hushonwa upya, injini hufunguliwa na kusafishwa. Lakini redio mara nyingi huachwa bubu kwenye dashibodi, kama pambo tu. Wengi hudhani imekufa kwa uzee. La hasha! Mara nyingi redio yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni sehemu inayoilisha umeme.

Kwanza hatuna budi kufahamu jinsi redio hizo zilivyokula umeme. Kabla ya kuja kwa transista, redio zilitumia valvu, yaani zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani. Valvu ina mahitaji mawili. Moto wake wa ndani hutosheka na volti 6 au 12 za betri ya gari. Lakini ili ifanye kazi yake, hutaka pia umeme wa nguvu, aghalabu volti 200 na zaidi. Je, betri ya volti 6 itazitoa wapi volti 200?

Swali hilo liliwasumbua mafundi wa mwanzo. Huko Chicago, Marekani, kampuni ya Paul Galvin na nduguye Joseph ilianza mwaka 1928 kwa kuunda vyombo vilivyoziwezesha redio za betri kutumia umeme wa nyumbani. Mwaka 1930 kampuni hiyo ikatoa redio ya gari iliyopewa jina la Motorola. Redio za magari za siku hizo zilihitaji betri za ziada za volti nyingi, ambazo zikiisha nguvu hutupwa na kununuliwa nyingine. Katika miaka hiyo ya 1930 ndipo kilipoenea chombo kilichoondoa taabu hiyo, nacho ni vibreta.

Mvumo wa vibreta

Vibreta ni kopo dogo la bati linalochomekwa kwenye soketi kama valvu. Ndani yake mna ulimi mwembamba wa chuma unaotikisika huku na huku, yapata mara 115 kwa sekunde moja. Umeme wa betri huenda upande mmoja tu, na umeme wa namna hiyo hauwezi kukuzwa na transfoma. Ulimi ule huukatakata na kuugeuza, na hapo transfoma huupokea na kuupandisha hadi mamia ya volti. Kisha valvu nyingine huunyoosha uende upande mmoja tena. Mwenye masikio makali husikia mvumo wa vibreta mara tu anapowasha redio, kabla valvu hazijapata moto na sauti kutoka.

Basi, hapo penye mvumo ndipo pa kuanzia uchunguzi. Redio isipovuma kabisa, huenda fyuzi imeungua au ncha za ulimi zimeota kutu kwa kukaa miaka bila kazi. Ikivuma lakini sauti isitoke, tazama umeme wa nguvu kama unafika. Na fyuzi ikiungua kila inapobadilishwa, huenda ulimi umenata mahali pamoja. Ole wake atakayeweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya! Umeme wa betri utapita katika transfoma bila kukatwa, na nyuzi zake zitaungua.

Mkosaji aliyejificha

Lakini mkosaji mkubwa wa redio hizi ni kijitu ambacho mgeni wa kazi hakitupii hata jicho. Ni kapasita moja ndogo iliyofungwa kwenye upande wa transfoma wenye volti nyingi. Kila ncha za vibreta zinapoachana, transfoma hurusha umeme mkali ghafla. Kazi ya kapasita hiyo ni kuumeza umeme huo, ili ncha zisitoe cheche na kuungua. Kapasita za zamani zilifungwa kwa karatasi na nta, na karatasi huharibika kwa unyevu na joto. Ikivuja, ncha za vibreta huliwa. Ikikatika kabisa ndani, transfoma nayo imo hatarini.

Kwa hiyo, fundi mwenye busara huanza na kapasita hiyo kabla hajaiwasha redio hata mara moja. Huweka mpya yenye kipimo kile kile, inayostahimili volti 1600 au zaidi. Anayenunua vibreta mpya na kuiacha kapasita ya zamani atanunua vibreta nyingine karibuni. Zile kapasita kubwa za kusafisha umeme pia hubadilishwa. Wapo mafundi wanaoficha kapasita mpya ndani ya ganda la ile ya zamani, ili macho yasione mabadiliko.

Lipo pia jambo la chanya na hasi. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950, kama Morris Minor zilizojulikana sana katika barabara za Kenya, yalifungwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi. Baadhi ya vibreta hunyoosha umeme zenyewe bila valvu, na hizo zikiunganishwa kinyume huharibu kapasita. Yafaa kutazama kwanza, kisha kuunga.

Tena mtu asidanganyike kwamba betri ya gari haina madhara. Ndani ya redio hii mna umeme wa kuangusha mtu, nao hubaki katika kapasita hata baada ya kuzimwa. Hauna budi kutolewa kabla ya kutia mkono.

Mwaka 1955 ilitangazwa Marekani redio ya gari yenye transista tupu, nazo vibreta zikaanza kuaga. Leo huweza kupatikana mbadala wa transista unaoingia katika soketi ile ile, ingawa hauvumi. Lakini transfoma ya redio ya miaka 70 iliyopita haipatikani kwa urahisi. Ikiungua, ni kuisuka upya kwa gharama kubwa, au redio kurudi kuwa pambo. Kapasita ya kuilinda ni kitu cha bei ndogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.